Chumvi na Mkaa Nyuma ya Gereji

"Mama Anisia, hivi baba Anisia alikufa kwa umeme, au alikufa kwa watu?"

Lusia, jirani yangu, aliniuliza hivyo siku ya tatu baada ya mazishi, tukiosha masufuria ya msiba. Hakuuliza kwa ubaya. Huku kwetu Masumbwe mtu mwenye nguvu zake akidondoka mchana kweupe, lazima atafutwe aliyemdondosha. Nilikuwa nasugua masizi kwa mchanga. Sikuinua kichwa. Nikamjibu, "Wewe mwenyewe uliona tulichokifukua."

Sikutaja jina la mtu. Lakini kabla jua halijazama jina lilikuwa limeshapita kila mlango, na wiki haikuisha, bibi Zipora akafukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Clemens, mume wangu, alikuwa fundi wa kuchomelea. Gereji yake ya matofali iko ubavuni mwa nyumba yetu mpaka leo. Alitengeneza mageti, alikarabati pikipiki, na zaidi aliunda makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Wachimbaji walimjua mpaka Mwakitolyo. Jumapili alisoma masomo kanisani, na sauti yake haikuhitaji spika.

Mwezi wa nane, mwaka juzi, nilikwenda mafungo ya akina mama Ushirombo, siku nne. Niliporudi jioni, Clemens alikuwa amekwenda Mwakitolyo kwenye karasha lililovunjika. Sijatua hata mkoba, nikamwona bibi Zipora nyuma ya gereji. Ameshika ndoo, anamwaga maji chini polepole, na midomo yake inacheza.

Bibi Zipora alikuwa muuza mkaa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Msukuma wa Mhunze, mjane wa siku nyingi, si wa kanisa letu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa tanuri, na ninyi mnajua huku kwetu macho mekundu ya bibi kizee yanasomwaje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu," akaitika, yaani mama kwa Kisukuma. "Umerudi salama?"

"Nimerudi. Unamwagilia nini hapo?"

"Hata sijui! Mume wako kaniambia, bibi, kila jioni ndoo moja, pale pananywa maji."

"Mbona hakuna kilichopandwa?"

Akacheka mpaka ndoo ikatikisika. "Na mimi nilimwuliza hivyo hivyo. Kasema pakikauka kazi yake itaharibika. Basi mimi namwaga, napiga na wimbo wangu."

Nikamwambia, asante bibi, kuanzia kesho nitamwagilia mwenyewe. Akaondoka na ndoo yake.

Usingizi ulinipitia mbali. Kazi yake itaharibika. Huku kwenye dhahabu hakuna asiyeyajua maneno ya namna hiyo. Mtu anakwenda kwa mganga, anapewa kitu cha kuzika kwenye eneo lake ili wateja wavutike, na kitu hicho kina masharti: usikiruke, usikikaushe. Niliwaza, Clemens wangu? Msomaji wa Neno?

Asubuhi nikamwita Lusia. Akaja na jembe, mimi na panga na chupa ya maji ya baraka. Hatukuchimba sana. Ilitokea chumvi ya mawe, imeshaanza kuyeyuka. Chini yake mkaa uliopondwa. Chini tena chumvi, chini tena mkaa, tabaka kwa tabaka, kazi ya mtu mtulivu. Katikati kulikuwa na chuma chembamba chekundu kama shaba, kimegongomewa ardhini, na juu kimefungwa waya wa kijani wenye mstari wa njano.

"Yesu na Maria," Lusia akasema. "Wamekifunga shingo."

Waya tuliujua kuwa ni waya. Lakini waganga wa machimboni hawachagui siku hizi, wanazika hata betri za simu. Niliukata kwa panga, pigo moja. Chuma tulikitikisa kama jino la mtoto mpaka kikang'oka, nikakitupa chooni. Nikanyunyiza maji ya baraka, tukasali. Kisha kipande cha waya kilichobaki nikakisukuma ndani ya udongo, nikafukia, nikasawazisha, na juu yake nikamwaga ndoo ya maji ili Clemens asigundue.

Kwa nini sikumsubiri nikamwuliza? Niliogopa angesema ndiyo.

Alirudi Jumamosi. Akazunguka nyuma ya gereji, akagusa udongo kwa kidole cha mguu, akaona umelowa. "Aa, bibi Zipora mtu wa ahadi," akasema. "Nilimwambia pasikauke." Alikuwa na furaha ya mtu aliyefika nyumbani. Nikamwambia, "Njoo ule." Jumapili akasoma somo la kwanza. Nilimtazama pale mbele, nikasema moyoni, nimekuokoa na wewe hujui.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa nachambua mchele. Mashine ya kuchomelea ilinguruma gerejini, na nyundo yake iligonga, iligonga. Kisha nyundo ikanyamaza, na mashine ikaendelea kunguruma. Nilipofika alikuwa ameegemea mashine, mkono umeshikana na bodi yake ya chuma, miguu ina kandambili, sakafu imelowa. Niliiangusha swichi kubwa ya ukutani kwa mpini wa ufagio. Akaanguka. Alikuwa ameshakwenda.

Wazee wa sungusungu waliitisha mkutano. Lusia alieleza tulichokifukua, na midomo ya bibi ilivyocheza, kama nilivyomsimulia. Watu wakasema mwenye dawa amelipiza kwa sababu dawa yake imeng'olewa. Bibi Zipora alisimama. Akasema, "Clemens mwenyewe aliniambia nimwagilie. Na chenga za mkaa alizichukua kwangu, gunia zima. Mwulizeni mkewe, nilimwambia jioni ile ile."

Wote wakanigeukia.

Ningesema ndiyo, ni kweli, aliniambia. Lakini kama ni kweli, basi dawa ilikuwa ya Clemens. Msomaji wa kanisa amekufa kwa dawa yake mwenyewe. Udongo wa kaburi lake ulikuwa bado haujakauka. Nikasema, "Mimi nilimkuta anamwaga maji. Mengine siyajui."

Wazee wakamwamuru bibi Zipora ahame. Alinitazama tu. Kesho yake mwanawe, Masalu, alikuja kumchukua na pikipiki, godoro limefungwa nyuma. Magunia ya mkaa waliyaacha uani, na watu wakaogopa kuyagusa mpaka mvua ikayaozesha.

Miaka miwili gereji ilikaa gizani. Boksi la umeme la ukutani lilikuwa limeungua siku ile, na sikutaka mtu aliguse. Mwaka huu Anisia, mwanangu wa pekee, anayefanya kazi dukani Geita mjini, akaniletea mashine ya kutotolea vifaranga. "Mama, gereji isikae kama kaburi," akasema. "Mwite fundi. Mimi nitakuja kuiwasha mwenyewe." Anisia alikuwa kipenzi cha baba yake. Tangu msiba alizoea kuniambia kwenye simu, "Angalau wewe ulipigana, mama. Wengine wanakaa tu mpaka mtu wao anachukuliwa." Nami nilikuwa naitikia.

Fundi aliitwa Enock, mtu wa makamo, mwenye tumbo na maneno. Alikuja asubuhi na begi la zana na kiboksi kipya, cheupe, kidogo kama kitabu kikubwa cha nyimbo.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha lile boksi lililoungua. Akazima umeme kule kwenye mita, akajaribu kwa testa mara mbili, akasema, "Umeme haukubali pole, lazima uhakikishe." Akang'oa boksi la zamani, akakwangua masizi ya ukuta. Boksi jipya akaliweka usawa wa macho, akaweka pimamaji juu yake.

"Fundi, ukuta wenyewe umepinda, unapimia nini?"

"Ukuta ukipinda ni aibu ya mwashi, mama. Boksi likipinda ni yangu."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka ndani ya gereji ile tangu siku ile. Akatoboa matundu manne, akakaza skrubu. Akapanga breka kwenye kireli cha chuma, moja moja, zikilia tap. Mimi nilikaa kwenye tairi bovu namwangalia, maana mikono ya fundi hunipa utulivu. Akanieleza bila kuulizwa: huu mwekundu ndio unaoleta umeme. Huu mweusi ndio unaourudisha. Hii swichi pana yenye kitufe ni mlinzi wa mtu, umeme ukipotea njia inakata kabla hujasema mama. "Boksi la zamani halikuwa na mlinzi," akasema. "Kwa hiyo marehemu aliitegemea ethi peke yake. Hii hapa, ya kijani na njano."

Nilitazama waya aliokuwa ameushika. Ulitoka ukutani ndani ya bomba, ukashuka hadi sakafuni.

"Huo unakwenda wapi?"

"Ardhini. Mashine ikivuja, umeme unakimbilia huku, fyuzi inakatika, mtu anabaki. Umeme, mama, ni kama mgeni mkorofi. Usipomwonyesha mlango wa nyuma, anapitia kwako." Akaufunga kwenye ukanda wa shaba ndani ya boksi. "Ngoja tuone kama mlango uko wazi."

Akawasha kule kwenye mita. Akachukua balbu yenye nyaya mbili, moja akagusisha kwenye umeme kabla haujapita kwa mlinzi, nyingine kwenye ule waya wa kijani. Balbu haikuwaka. Akaigusisha kwenye mweusi, ikawaka. Akarudi kwenye kijani. Giza.

"Ethi haipo," akasema. Alizima tena, akazunguka nyuma, akafukua kidogo kwa bisibisi pale bomba linapotokea, akavuta. Waya ukaja mkononi mwake kirahisi kama mnyoo. Mwisho wake ulikuwa umekatwa sawasawa.

"Hii si kutu, mama. Hii ni panga. Sasa mshenzi gani alifanya hivi?"

Nikaitazama ncha ya waya.

"Wezi wa shaba," akajijibu. "Watu wa machimboni hawana dini. Haya, tufanye upya. Chuma ninacho. Nitafutie chumvi ya mawe kama kilo tano, na chenga za mkaa, ndoo mbili."

"Chumvi ya nini?"

Akacheka. "Usinione mganga! Udongo wa huku kiangazi unakauka kama mfupa, umeme haupiti. Chumvi na mkaa vinatunza unyevu. Unapanga tabaka, chumvi, mkaa, chumvi, mkaa. Marehemu naona alifanya vizuri, weusi wa mkaa bado upo hapa. Halafu kiangazi unapamwagia maji. Jioni, ndoo moja inatosha."

Nikaketi palepale chini, kwenye udongo.

"Mama! Unaumwa?"

"Hapana. Endelea na kazi, fundi."

Alichimba, akagongomea chuma kipya chekundu. Chumvi nilimpa kwa mikono yangu. Mkaa nilimpa kwa mikono yangu. Alipomaliza akajaribu tena, na balbu ikawaka kali, nyeupe, hata nikafumba macho. Akaniita nibonyeze kitufe cha mlinzi. Nikabonyeza, ikaruka, tap, na gereji yote ikazima. "Umeona? Huyo ni mlinzi asiyelala," akasema. Akaanza kukunja nyaya zake.

"Fundi. Ule waya niliukata mimi."

Akaacha kukunja. Nikamweleza yote, mpaka mkutano wa sungusungu. Aliweka nyaya chini. Kisha akasema taratibu, "Mama, hukujua."

"Kuhusu chuma sikujua," nikamwambia. "Kuhusu bibi nilijua."

Jioni hiyo nilimfuata Lusia, nikamkuta anapepeta karanga. Nilipomaliza kusema aliweka ungo chini.

"Umemwambia nani?"

"Fundi. Na sasa wewe."

"Iishie hapo hapo. Unasikia, Monika? Bibi yule ni mzee, yuko kwao, anakula. Ukilifukua hili, wewe utaitwa muuaji wa mumeo. Mimi je, niliyeshika jembe? Na Anisia? Unataka mtoto aambiwe baba yake aliuawa na nani?"

"Nataka bibi arudi kwake."

"Kwa hiyo yeye arudi, sisi tuhame?"

"Nitaitaja mikono yangu tu, Lusia. Yako utaitaja mwenyewe, au utaiacha."

Akachukua ungo, akapepeta kwa nguvu. Hakuna karanga aliyoiangalia.

Ijumaa nilipanda basi mpaka Shinyanga, nikaunganisha hadi Mhunze. Nilimkuta bibi Zipora jikoni kwa Masalu, anapukuchua choroko. Amepungua, mikono imebaki mishipa. Alinitambua kabla sijabisha.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitika marahaba. Akasogeza kigoda kwa mguu, nikakaa. Nilikuwa nimesali njia nzima nipewe maneno mazuri, na hayakuja, kwa hiyo nilisema yaliyopo. Kwamba Clemens alimwagiza kweli. Kwamba maji yale yalikuwa ya umeme. Kwamba aliniambia jioni ile, nilisikia, nilikumbuka, na mbele ya watu nikasema siyajui. Nikapiga magoti nikaomba msamaha.

Aliendelea kupukuchua. Maganda yalimjaa mapajani.

"Masalu amesikia?" akauliza.

"Hapana. Uko peke yako."

"Na huko Masumbwe, nani amesikia?"

"Lusia na fundi. Nimekuja kwako kwanza."

Akatikisa kichwa. "Mayu, mlinifukuza mbele ya watu. Watoto walikuwapo, mbwa walikuwapo. Leo unaniomba msamaha jikoni." Akakung'uta maganda. "Simama. Magoti yako sina pa kuyaweka. Kaseme kule uliposemea. Mimi nitasikia, maneno ya Masumbwe yanafika."

Hakunifukuza, lakini hakunipa maji. Nilirudi.

Sungusungu hawaitishi mkutano kwa ajili ya mama mjane. Lakini Jumapili ile ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya yetu ya sala, na Anisia alikuwa anakuja kuwasha mashine yake. Nikaomba tusalie gerejini. Nikawaalika na wale wazee waliokaa mkutano ule, hata wasio wa kanisa letu. Walikuja, wengine kwa heshima, wengine kuona mashine ya vifaranga. Tulipanga mabenchi hadi mlangoni. Anisia alikaa mbele, amevaa gauni la kitenge nililomshonea. Alikuwa ameshaiwasha mashine, na taa yake ndogo ilimfurahisha kama mtoto.

Tulisali rozari. Baada ya matangazo nikasimama. Nilikuwa nimemwahidi Mungu sitalia, kwa sababu mjane akilia watu humwacha amalizie kulia badala ya kumwacha amalizie kusema. Nikaonyesha boksi jipya. Nikaonyesha waya wa kijani. Nikaeleza chumvi ni ya nini na mkaa ni wa nini, kama Enock alivyonieleza, na wazee wawili wenye umeme majumbani mwao wakaitikia kwa vichwa kwamba ndivyo. Kisha nikasema aliyekata ni nani.

"Na bibi Zipora alisema kweli," nikasema. "Aliniambia, kabla sijachimba. Mlinigeukia mkaniuliza, nikasema siyajui. Niliyajua. Bibi hana kosa hata moja. Nyumba yake ni yake. Nawaomba wazee mlitoe neno lile kama mlivyolitia."

Mzee wa sungusungu, Theonest, alikuna kidevu. "Mama Anisia, neno hili ni zito."

"Ndiyo, baba. Nimelibeba."

"Tutakaa nalo wiki hii. Bibi ataitwa arudi." Akaangalia chini. "Sisi nasi tulifanya haraka."

Nyuma kabisa Lusia akasema, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, "Jembe nililishika mimi." Akafunika uso kwa khanga.

Anisia alikuwa hajasogea. Alikuwa akiutazama ukuta, si mimi.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Baba alirudi Jumamosi."

"Ndiyo."

"Akafa Jumatatu."

"Ndiyo."

"Siku mbili mko nyumba moja. Hukumwuliza hata neno moja?"

"Sikumwuliza. Niliogopa jibu."

Alisubiri, kama kuna kingine nitakachoongeza. Akainama, akachukua mkoba wake chini ya benchi, akafunga zipu mpaka mwisho. Watu wakavuta miguu yao kumpisha. Alipita katikati ya mabenchi, akafika mlangoni, akavaa viatu vyake, akatoka.